Hadithi yangu inasomeka kama maelezo ya polisi: kosa liko wapi?

Swali la msomaji wa Chalinze:

"Shikamoo mwalimu. Nimeandika hadithi fupi ya kurasa 12. Ni ya dereva wa lori aliyekuwa akitoka Tunduma kwenda Dar es Salaam, akapita nyumbani kwao kumsalimu mama yake, akakuta mama keshazikwa siku tatu nyuma. Kisa ni cha kweli, kilimpata mjomba wangu zamani, simu za mkononi bado. Nimemsomea dada yangu, akasema: 'Kisa kinauma, lakini ulivyokiandika ni kama maelezo ya polisi.' Nikaongeza vivumishi na methali, ikawa mbaya zaidi. Kosa liko wapi? Kipande chenyewe ni hiki:

'Juma alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Alisimamisha lori barabarani. Alishuka na alifunga mlango. Aliona watu wengi uani. Watu hao walivaa kanga na kofia. Walikaa kwenye mikeka. Hakuna mtu alimsalimia. Baba mdogo alikuja na alimshika mkono na alimwambia kuwa mama alifariki siku ya Jumapili na alizikwa siku hiyo hiyo. Juma alianguka chini na alilia sana.'"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza dada yako ni msomaji hodari, usimwachie. Amelisikia jambo ambalo wahariri wengi hulihisi tu, wakaandika pembeni "haina mvuto", wakamrudishia mwandishi mswada wake bila kumwonyesha pa kushika. Mimi nilirudishiwa hadithi yangu ya kwanza kwa maneno hayo hayo. Nikakaa nayo miaka miwili nabadilisha maneno, naondoa "huzuni" naweka "simanzi", naondoa "simanzi" naweka "majonzi". Ugonjwa haukuwa kwenye maneno.

Sasa fanya hivi. Rudi kwenye barua uliyoniandikia, usome ule mstari: "akapita nyumbani kwao kumsalimu mama yake, akakuta mama keshazikwa." Nilipofika hapo niliiweka barua chini kwanza. Hauna kivumishi, hauna methali, na umenichoma. Kisha nikaingia kwenye hadithi yenyewe, hiyo uliyoisumbukia kurasa 12, nikaisoma kwa utulivu kabisa, kama karani anayepokea fomu. Mtu ni yule yule, kisa ni kile kile. Kwenye barua ulisimulia. Kwenye hadithi umetoa taarifa.

Hesabu vitenzi vya kile kipande vyenye -li-. Mimi nimepata 15: alifika, alisimamisha, alishuka, alifunga, mpaka "alilia sana". Dada yako amesema kweli kuliko alivyojua. Polisi anapoandika maelezo ya shahidi, kila tendo analiweka peke yake: niliamka, nilikwenda kisimani, nilimwona mtu, nilimtambua. Anafanya hivyo kwa sababu kila sentensi huenda ikaulizwa mahakamani, ni lazima iweze kusimama bila ya jirani yake. Ni kazi nzuri ya -li-. Kila inapotokea inapigilia kigingi kipya chini: hili lilitendeka, limekwisha. Vigingi 15 mfululizo haviwi njia. Msomaji anaruka kimoja hadi kingine, na kila anaporuka anapumzika. Aliyepumzika mara 15 hawezi kulia.

Najua ilikotoka tabia hii. Shuleni tulifundishwa kwamba -li- ni wakati uliopita, -na- ni uliopo, -ta- ni ujao, tukapewa mtihani, tukafaulu. Basi mtu akitaka kusimulia yaliyopita anaikamata -li- na haiachi tena. Lakini viambishi vya nyakati katika Kiswahili havisemi lini tu. Vinasema msimulizi amesimama wapi na anatazama kwa jicho gani. Jicho la hadithi yetu limo ndani ya kitenzi, na wewe umelifunga kitambaa mwanzo hadi mwisho. Nitakaa na jambo hili moja tu. Mambo mengine ya hadithi yako yana ahueni.

Tuanze na -ka-, kwa kuwa ndiyo miguu ya hadithi. Ulipokuwa mdogo, mtu akisema "Paukwa!" uliitikia nini? "Pakawa!" Unaiona? Kiitikio chenyewe kina -ka- ndani yake. Kisha huja: "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa." Kabla mtoto hajajua hadithi ni ya sungura au ya mfalme, sikio lake limekwisha kutekenywa na -ka- nne. Fungua hadithi zilizokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere, zikachapishwa London mwaka 1870, utakuta ni akaenda, akamwambia, akamjibu, akarudi, ukurasa baada ya ukurasa. Sisi tuliolelewa na redio tulimsikiliza Mama Debora Mwenda kwenye kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, na hatukuhitaji kuambiwa sarufi. Tuliinama tu kuelekea kwenye spika.

Mpango wa kale ni rahisi. -li- inafungua uwanja mara moja: paliondokea mtu na mkewe. Baada ya hapo -ka- inatembea. Kila -ka- inashika mkono wa kitenzi kilichotangulia na kusema: kutokana na hilo, likafuata hili. Ndiyo maana huwezi kusema "akafa, akaugua", msikilizaji atacheka. -ka- hairudi nyuma. Na kwa kuwa hairudi nyuma, inamvuta msomaji: anajua kuna kinachokuja. Ukitaka kuonyesha safari ndefu, bibi zetu hawakusema "alitembea umbali mrefu sana". Walisema akaenda, akaenda, akaenda, na sauti ikachoka pamoja na msafiri.

Chukua sasa mistari yako ya mwanzo: "Juma alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Akalisimamisha lori, akashuka, akafunga mlango." Sijaongeza kitu. Nimeondoa tu vile vigingi, na ile "na" ya "alishuka na alifunga", ambayo kwa Kiswahili inabana vidole. Tayari mtu anatembea.

Ila usitoke hapa ukazibadilisha -li- zote ziwe -ka-. Nimepokea miswada ya namna hiyo baada ya kutoa ushauri huu kwa haraka, na kosa lilikuwa langu. Mnyororo wa -ka- kumi na mbili unachosha vile vile, kwa sababu hadithi inakuwa mbio tupu, hakuna anayesimama kutazama. Mtu hutembea, kisha husimama. Juma anasimama wapi? Anapowaona watu uani. Na hapo ndipo palipo na kosa lako kubwa kuliko yote.

Umeandika: "Watu hao walivaa kanga na kofia. Walikaa kwenye mikeka." Sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyosema. "Walivaa" ni tendo: walichukua kanga, wakazivaa. "Walikaa" ni tendo: walikuwa wima, wakashuka. Kwa maneno hayo Juma amefika, halafu watu ndipo wakaanza kuvaa na kukaa mbele yake. Wewe hukukusudia hivyo. Ulikusudia kwamba alipoinua macho, mambo yalikuwa yamekwisha kuwa vile. Hiyo ni kazi ya -me-: "Uani watu wamekaa kwenye mikeka, wanawake wamejitanda kanga, wanaume wamevaa kofia."

Utaniuliza: mwalimu, hadithi ni ya zamani, si niseme "walikuwa wamekaa, walikuwa wamejitanda, walikuwa wamevaa"? Unaweza, na mara moja moja itakufaa. Lakini ukishaweka saa ya hadithi kwa -li- ya mwanzo, viambishi vingine vinaipima saa kutoka hapo. "Wamekaa" hapa maana yake wamekaa pale, jioni ile, machoni pa Juma. Na uzuri wake ni huu: -me- inatuonyesha mwisho wa jambo ambalo hatukuliona likianza. Mikeka imekwisha kutandikwa. Kanga zimekwisha kujitandwa. Kuna jambo lilitendeka hapa bila Juma, bila sisi, na tumechelewa. Hadithi yako yote ni ya mtu aliyechelewa, mwanangu. -me- ndicho kiambishi cha aliyechelewa.

Kuna na -ki-, ambayo inashikilia jambo likiendelea wakati jambo jingine linatokea. Mjomba wako alikuwa safarini kwenda Dar, alitaka kusalimu tu apite. Dereva wa namna hiyo huenda asizime injini. Basi niachie nibuni: "Akashuka, lori likiunguruma nyuma yake." Hiyo sauti msomaji ataendelea kuisikia wakati wote baba mdogo anapomkaribia, hata usipoitaja tena, kwa sababu -ki- haikuifunga. Ukiandika "lori liliunguruma", umeizima mwenyewe.

Na hu-. Wengi huidharau, wanadhani ni ya methali tu. Mimi naipenda kuliko zote kwa hadithi za msiba. hu- haina wakati wala haimjui mtu. Inasema hii ndiyo ada, ndivyo mambo yalivyo siku zote. Jaribu hivi: "Honi ikilia mara mbili, mama hutoka akasimama mlangoni." Juma anakuja na ada hiyo kichwani. Sisi tunaosoma nasi tumeipokea. Katika sentensi hiyo mama ni mzima kabisa, kwa kuwa hu- haijui habari za Jumapili. Halafu honi inalia mara mbili, na hatoki mtu. Huna haja ya kuandika kwamba Juma alihisi vibaya.

Hapo pana uzuri mwingine ambao naona unapotea kwa waandishi wa rika lako. -ka- haina ukanushi wake. Ukifika kwenye jambo lisilotendeka, mnyororo unakatika, nawe unakimbilia "hakutoka mtu", "hakusema neno", na hilo ni sahihi. Lakini wasimulizi wa pwani wana njia ya kuukanusha mnyororo bila ya kuukata: akatafuta asione, akaita asijibiwe, akala asishibe. "Akapiga honi, asitoke mtu." Sema kwa sauti. Unasikia jinsi sentensi inavyoinua mguu na kukosa pa kukanyaga? Itumie mara moja katika hadithi nzima, mahali panapostahili. Ukiitumia mara tano itakuwa madoido.

Ule mstari wa "hakuna mtu alimsalimia" uusahihishe tu: "hakuna aliyemsalimia". Kosa hili limeenea hata magazetini. Na maadamu nimeyataja magazeti: lile umbo la vichwa vya habari, "Waziri afungua", "Dereva akuta mama amezikwa", liache huko huko. Hadithini linapiga kelele.

Kuhusu kusimulia kwa -na-, "anafika, anashuka, anafunga mlango", najua vijana mnaipenda. Ina uhai, ndivyo tunavyosimuliana mtaani: "basi nakwenda, namkuta, ananiambia hivi." Kwa dakika moja ya mshtuko inafaa sana. Kwa kurasa 12 inakuwa utangazaji wa mpira redioni, ambako mtangazaji kweli hajui nani atafunga. Wewe unajua mwisho. Msomaji naye anahisi kwamba unaujua.

Nimeweka nyuma jambo zito kuliko yote, nalo ni maneno ya baba mdogo. Umeandika kwamba "alimwambia kuwa mama alifariki siku ya Jumapili na alizikwa siku hiyo hiyo". Sidhani kama yupo mtu duniani aliyempa mwenzake habari ya msiba kwa maneno hayo. Anayeleta habari hasemi "alifariki". Anasema "amefariki", "ametutoka", "hatunaye". Anatumia -me- kwa sababu kifo bado kipo pale, kimekaa mkekani pamoja nao. "Alifariki" ni ya mwaka ujao, ni ya mirathi na makaratasi. Ulipoyachukua maneno ya mzee ukayasimulia kwa "kuwa", umeyaosha, umeyanyoosha, ukayapa wakati usio wake. Mwache aseme mwenyewe.

Na akisema, lipo neno moja atalisema, wewe hukuliweka. Kwenu Chalinze mzee hatasema "tulimzika". Atasema "tumeshamzika". Hiyo -sha- ndiyo hadithi yako. -me- peke yake inasema jambo limekuwa. -mesha- inasema limekuwa na mlango umefungwa. Usikimbie, usiulize njia ya makaburini, usivue shati ukachukue jembe. Msiba wa Juma una sehemu mbili: mama amefariki, na yeye hakumtia udongoni. La kwanza humpata kila mtu. La pili ndilo lililomfanya mjomba wako alisimulie mpaka wewe ukalijua, na limebebwa na silabi moja. Wewe mwenyewe uliliandika kwenye barua, "keshazikwa". Ulipoingia kwenye hadithi ukaliacha mlangoni.

Tazama sasa kipande kikipita mkononi mwangu. Sikupi ukibandike, kwa kuwa honi, mwembe na injini nimezibuni mimi.

"Juma alifika nyumbani jua linazama. Akalisimamisha lori chini ya mwembe, akapiga honi mara mbili. Honi ikilia mara mbili, mama hutoka akasimama mlangoni, mkono juu ya macho kuzuia jua. Akapiga tena, asitoke mtu. Akashuka, lori likiunguruma nyuma yake. Uani watu wamekaa kwenye mikeka, wanawake wamejitanda kanga, wanaume wamevaa kofia, na katikati yao kiti cha mama kimegeuzwa, kimelazwa ukutani. Baba mdogo akanyanyuka. Akaja, akamshika mkono.

'Lini?' Juma aliuliza.

'Jumapili. Tumeshamzika, mwanangu.'

Juma akarudi kwenye lori, akalizima."

Ona mambo mawili. -li- zimebaki mbili tu. Ya kwanza imefungua uwanja. Ya pili, "aliuliza", niliiacha makusudi: katikati ya -ka- zinazokimbia, -li- moja inasimama kama mtu aliyesita. Kwa hiyo usiichukie -li-. Ukiitumia kwa nadra inapata nguvu. La pili, nimeondoa "alianguka chini na alilia sana". Huenda mjomba wako alianguka kweli, sibishani. Lakini baada ya "tumeshamzika" msomaji anataka kulia yeye, na mhusika akianza kulia kwa niaba yake, anamnyang'anya. Kama lazima Juma alie, alie baadaye, usiku, kwenye kurasa za mbele, wakati msomaji hakutarajia.

Namna ya kuipitia hadithi nzima: usianze na kalamu. Msomee dada yako tena, polepole, na kila anapoanza kutazama pembeni weka alama tu. Kisha rudi kwenye alama uone viambishi vilivyopo hapo. Utakuta ama -li- zimepigwa foleni, ama -ka- zimekimbia bila kituo. Jiulize Juma wakati huo anatembea, anatazama, anakumbuka au anangoja. Akitembea mpe -ka-. Akitazama mpe -me- na -ki-. Akikumbuka, rudi nyuma kwa "alikuwa ame-", mara moja tu mlangoni mwa kumbukumbu, kisha endelea kwa -ka- humo humo ndani kama kawaida. Akingoja, ipo -ja-, na hapa nina ombi.

"Hakurudi" na "hajarudi" zinatofautiana kuliko usiku na mchana. "Hakurudi" imefunga hesabu. "Hajarudi" imeacha taa inawaka. Mama yake mjomba wako ni bibi yako wewe, mzaa mama yako. Aliugua siku kadhaa kabla ya ile Jumapili, au aliondoka ghafla, sijui, hukuniandikia. Ila walikuwepo watu kitandani pake. Nenda kwa mama yako, au kwa yeyote aliyekuwa pale, umuulize bibi alikuwa akiulizia nini. Usiandike wakati anakujibu, msikilize tu. Ukitoka, yaandike maneno ya bibi kama yalivyotamkwa, na kiambishi chake. Kama alisema, "Juma hajafika?", basi usiibadilishe hiyo -ja- kwa chochote, wala usiieleze. Iweke ukurasa wa pili, kabla ya lori kuonekana barabarani.